Inazima Bila Kuaga

Mara ya kwanza ilizima nikiwa kwenye jina la Fumo,
wa sitini na moja katika orodha ya alama.
Hisabati: thelathini na —

giza.
Haikulia, haikuomba ruhusa.
Ilikata kauli.

Nikasema ni stima; huku Mkomani stima hucheza.
Lakini taa ilikuwa inawaka, friji la jirani linanguruma,
na chaja imeng'ang'ania ukuta kama kupe.
Nikasema ni betri. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha.
Mamangu akasema ni kijicho,
akaifukizia udi mpaka ikapiga chafya, au mimi ndiye niliyepiga.

Ikawaka. Dakika kumi na mbili.
Kesho yake, tisa.
Siku ya tatu niliandika tarehe tu,
na tumbo lake linachoma kama kikaango cha vibibi.
Feni ikihema
kama mtu anayepandisha gunia la mchele orofa ya tatu
na kila akifika ngazi ya mwisho anaambiwa, si hapa.

Alhamisi nikaifunga kwa leso, nikaikumbatia,
nikawapisha punda wa mchanga kichochoroni
mpaka Langoni, kwa Tawhida,
ambaye asubuhi hufungua mashine
na jioni huwapaka maharusi piko.

Hakuuliza imezima mara ngapi.
Aliuliza, "Huiweka wapi?"
Kitandani. Juu ya godoro.
"Na ukimaliza?"
Huifunika. Kwa leso hii. Isiingie vumbi.
Akanitazama vile muuguzi amtazamavyo mama
aliyemvisha mtoto mwenye homa sweta mbili.

Skrubu kumi na moja kwenye kisahani cha kahawa.
Kifuniko kikaachia kwa mlio wa gamba la kaa.
"Ndoo, utezame kwa mato yako."

Chokaa ya jirani, anayetengeneza ukuta tangu Mfungo Sita.
Uzi mwekundu wa leso.
Na manyoya, manyoya, ya kijivu na ya manjano —
kumbe ni yule paka wetu,
alalaye kila usiku penye tundu litoalo joto,
nami miezi yote hii nikidhani ananipenda mimi.
Vyote vimesukana vikawa kijamvi,
kimetandikwa mlangoni mwa pumzi.

"Feni haina makosa," akasema. "Yazunguka. Yazunguka bure.
Joto halina pa kutokea.
Ikiona yaungua, yajizima.
Si uchawi huo, mwalimu. Yajiokoa."

Nikaona haya, na sababu ya haya sikumwambia:
nyumba yetu haijawahi kuwa na feni.
Aliyeijenga aliacha tundu juu ya kila mlango,
hewa ikiingia kwa kaskazi hutokea uani.
Nimelala humo miaka arobaini na miwili
sikujifunza neno.

Akafagia kwa burashi ya poda.
Dawa ya zamani juu ya chipu ilikuwa imekauka, imepasuka
kama tope maji yakikupwa; akaikwangua kwa ukucha.
Kisha akatwaa bomba jipya la piko, lisilo na piko,
akadondoa tone moja la dawa,
kiasi cha punje ya mchele.
Nikamwambia aongeze.
"Na maharusi nao husema vivyo hivyo," akajibu, hakuongeza.

Sasa inakaa mezani, juu ya visahani vinne vilivyopinduliwa.
Dakika arobaini. Saa mbili. Naigusa tumbo
kama nimguse mtoto paji la uso.
Paka alikuja, akanusa, akapigwa na upepo,
akaenda zake bila kuaga.

Fumo alipata thelathini na nane.
Nilidhani ni chini ya hapo.

Leso nimeianika uani. Ina jina lake,
NAKUTUNZA HUNIONI,
na kila upepo ukipita unaisoma,
nakutu—
kisha inajikunja.